Jaji alimpunguzia adhabu aliyemuua mdogo wangu, na aliyemwombea ni mama yetu

Wakuu, amani kwenu.

Niko Kamembe, Jumapili, mvua imefungia watu ndani. Haya sijawahi kumsimulia mtu uso kwa uso. Siongezi chumvi, nimebadilisha majina tu.

Kwetu ni Bugarama, kwenye mpunga. Tulikua watatu: mimi, mdogo wangu Kizito, na Faustin, mtoto wa mama mdogo. Mama yake alifariki akimzaa. Kizito alikuwa bado mchanga, basi mama yangu akawanyonyesha wote wawili.

Msimu mmoja wakagombania zamu ya maji shambani. Ujinga mtupu, maji yangefika kote jioni ileile.

Faustin akampiga na mpini wa jembe kichwani. Kisha ni yeye huyohuyo aliyembeba kwenye moto, pikipiki ya abiria, kumkimbiza hospitali, huku analia.

Kizito hakufika.

Kesi ikaja. Nilikuwa nimeshasoma sheria kwenye simu: kipigo kinacholeta kifo kinaanzia miaka kumi na mitano. Wakuu, hiyo namba ndiyo iliyokuwa inanipa usingizi.

Mahakamani Faustin alikubali kosa. Jaji akauliza kama familia ya marehemu ina la kusema. Nikaanza kuinuka, kumbe mama ameshasimama.

"Bwana Juge, ule mwenye alikufa ni mutoto yangu. Na huyu mwenye kumuua, naye ni mutoto yangu. Nilishazika moja. Munisaidie nisizike wa pili angali muzima."

Nikakaa.

Siku ya hukumu jaji akasoma sababu zake. Amekiri tangu mwanzo, alijaribu kumwokoa, hana kosa la nyuma, wafiwa wamemwombea. Akashuka chini ya kiwango. Miaka mitano.

(Jaji simtukani. Sheria inamruhusu, nimeshaisoma mpaka basi.)

Shangazi zangu wakakumbatiana. Mjomba akapiga magoti palepale. Nikaangalia huku na huku nitafute hata mtu mmoja mwenye uso kama wangu. Sikumpata.

Tukiwa njiani nikamuuliza mama, "Na Kizito, nani atamuombea?"

Akanishika mkono, akaniita kama nilipokuwa mdogo. "Papa, Kizito hasikie tena njala wala baridi. Huyu angali anasikia."

Nikautoa mkono wangu.

Nikahamia huku Kamembe, nachomelea milango na madirisha. Mama akipiga simu tunaongelea mvua, tunakata.

Faustin alishatoka. Mwezi uliopita nikashuka Bugarama bila kumwambia mtu. Nilipofika nyuma ya ua nikamsikia mama anaita:

"Kizito! We Kizito!"

Moyo uliruka, wakuu.

"Karame, mama," akaitika Faustin kwa lugha ya kwetu, akatoka jikoni na beseni la maji. Mama amezeeka, majina yanamchanganya. Naye hakumsahihisha. Akainama, akaanza kumuosha miguu.

Sikubisha hodi. Nilirudi barabarani nikasimamisha moto.

Nilichojifunza: nilidhani miaka iliyokatwa pale mahakamani ndiyo niliyoporwa. Lakini hata angepewa yote, bado mimi ningekuwa nje ya ule ua.

Kama kuna mwenzangu aliyewahi kubaki na hasira peke yake, familia nzima ikiwa imeshasamehe, aniambie alirudi vipi nyumbani. Alianza na neno gani?

Andikeni tu. Nipo online, leo sina pa kwenda.