Mayi ya mu foto ilikuwa yangu

Haya yangu iko inaning'inia ku ukuta ya biro ya commune, ofisi ya serikali ya mutaa wetu, bantu bote banaiona, na siku karani alinionyesha na kidole njo siku uvumilivu iliniisha. Nilikuwa nimeenda kusema robine, bomba ya mayi ya avenue yetu, haijatoa hata tone tangu baifungule, na Gloire, mutoto wangu, iko anaharisha juu ya mayi ya kisima. Karani akasema:

"Mama, robine yenu inatoka mayi muzuri. Huyu mu foto haiko weye?"

Ilikuwa miye, na meno yote inje.

Ile siku ya kufungula robine nilikuwa napita tu, natoka ku kisima, bidoni ya mayi ku kichwa, mutoto ku mugongo, nikasimama kuangalia (ningeenda zangu, saa hii ningekuwa na amani), na muntu wa protokole akanishika mukono, "Weye mama wa mutoto, kuya, mama mumoja ateke mayi ya kwanza," akanisimamisha mbele ya kamera. Bourgmestre, mukubwa wa commune yetu, akafungula. Robine ikakohoa. Akafungula tena, ikatoa upepo, bantu bakaanza kucheka, jasho ikamutoka mpaka ku kola, na miye mujinga nikamuhurumia kama vile mugeni amekosa chakula kwangu, nikainama, nikamimina mayi ya bidoni yangu mu kikombe alishika pale chini ya robine, nikamupa na mikono mbili. Akakunywa. Bakapiga makofi, hata miye nilipiga (banasema tumbo ilimusumbua siku tatu, sikulia). Jirani yangu, Mama Odette, akaninong'oneza, "Mama Gloire, umemufunika. Sasa nani atamufunula?" Nikamuambia anyamaze, ile ni heshima.

Basi, mbele ya ile foto nikamuambia karani, "Nipe karatasi."

"Mama, utaandika nini, na vile unacheka pale?"

"Nipe karatasi."

Niliandika nikiwa nimesimama, Gloire analia ku mugongo, na sikutoka mpaka karani alipiga muhuri ku kopi yangu:

"Bwana Bourgmestre, nalalamika juu ya robine, na juu yangu mwenyewe. Mayi ulikunywa mu foto ilikuwa yangu, ya kisima, ile ile inagonjesha mutoto wangu. Kuya ufungule robine tena, mbele ya bantu balebale. Kama ikikohoa, hakuna muntu atakusaidia. Miye nitakuya na kikombe tu. Bidoni nitaiacha nyumba."