Kichupa Nilichokiona Kitupu

Katika miaka ile ya amani iliyotangulia kura ya maoni ya Sudan Kusini, mimi Mkenya nilifanya kazi Juba katika maabara ndogo ya utafiti. Tulipima damu ya akina mama waliojitolea, tukitumia kingamwili zinazotambua seli B, yaani chembe za damu zinazozalisha kinga mwilini. Umeme ulikatika mara kwa mara, jokofu likapata joto, na sikuwa na hakika tena kwamba kingamwili zetu zilikuwa nzima. Kama zilikuwa zimeharibika, akina mama wale walikuwa wametolewa damu bure.

Ili kuzijaribu niliagiza protini ambayo kwa kawaida hukaa juu ya seli hizo. Hii ilikuwa imetengenezwa na seli za maabara zilizopandikizwa jeni ya binadamu. Tuliruhusiwa kichupa kimoja tu. Kilipofika kwa ndege kutoka Nairobi nilikiinua dirishani. Hakikuwa na kitu.

"Watu wa mizigo wamekifungua," nikasema, nikaelekea kwenye pipa la taka.

Msaidizi wangu, mama wa mtaa wa Kator, hapo Juba, aliyekulia ukimbizini Uganda, akanishika mkono.

"Mzee, ngoja. Iko ndani."

"Mama, nina macho."

"Macho yako iko na kiburi, malesh, unisamehe. Hiyo kitu wanakausha, inabaki kama pumzi kwa kioo. Kule Kampala mimi iko naosha vyombo vya maabara miaka saba. Bosi moja alitupa hivyohivyo, halafu akalia."

"Alikuwa Mkenya?"

"Sasa nani mwingine? Nyinyi munajua sana."

Tulikizungusha katika mashine ili unga uliogandia kifunikoni ushuke, tukadondosha maji safi yaliyopimwa, tukangoja bila kutikisa. Kesho yake tulifanya kipimo, na vishimo vya sahani vikageuka manjano kimoja baada ya kingine. Rangi hiyo ilimaanisha kwamba kingamwili zilikuwa zimeishika protini. Zilikuwa nzima.

Nilikuwa nimesoma vitabu vingi, na bado niliwahukumu watu wa mizigo bila ushahidi, kwa sababu tu sikuona nilichotarajia kukiona. Kosa hilo nalihesabu zito kuliko kutojua. Mungu ambariki mama yule kwa kunizuia.

Nilipomshukuru alinijibu, "Andika kwa karatasi, mwingine asitupe."

Niliandika maelekezo, nikayabandika mlangoni pa jokofu. Chini yake niliweka jina lake, si langu.