Mfereji wa Siku Sitini

Kiwanda cha viatu kilipofungwa, mwaka ule wa msukosuko wa uchumi, Bu Wasinem, yaani Mama Wasinem, alikuwa ameshona soli kwa miaka kumi na mmoja. Akarudi kijijini kwao, kusini mwa Yogyakarta, Indonesia, na huko akapewa jembe. Serikali ilikuwa inawapa waliokosa kazi kibarua cha kulipwa kwa siku: wachimbe kwa mikono mfereji wa kupeleka maji kwenye mpunga, mita mia sita, siku sitini. Ujira wa siku sitini ungelipa ada ya binti yake Rukmi hadi mtihani wa mwisho. Ya sitini na moja Bu Wasinem hakuifikiria.

Siku ya ishirini na mbili ikaja habari kwamba keshokutwa anakuja mtu kutoka Jakarta, kupima kama mpango huo unafaa.

"Mgeni atoke kote huko aje kuona shimo?" Pak Marsudi, bwana mkuu wa kijiji, alishika kichwa. "Aibu gani hii! Kesho kijiji kizima kitoke."

"Lakini Pak, imebaki kazi ya zaidi ya mwezi," alisema Bu Wasinem.

"Ndiyo maana nasema kizima, Bu."

Pale kijijini gogo la mwanzi la kuitia watu likigongwa, hakuna anayebaki ndani. Ukibaki hawakusemi. Wanakuja tu kukujulia hali, mmoja mmoja, wiki nzima.

Kwa hiyo Bu Wasinem alikwenda. Walimu walikuwepo, imamu alikuwepo, hata fundi cherehani mwenye mguu mbovu alikuja kugawa chai. Bu Wasinem alichimba polepole kadiri alivyoweza.

"We Bu, jembe lako lina usingizi?" alidakia jirani yake, Bu Painah. "Au mkono bado unatafuta sindano?"

"Nalipumzisha."

"Utalipumzisha keshokutwa!"

Watu wakacheka. Yeye pia akacheka, na mkono ukaongeza mwendo wenyewe. Alasiri maji yakapita.

Mgeni alikuwa kijana mwenye miwani na fomu ya kurasa nne. Aliutembea mfereji wote, akarudi.

"Kazi ya siku sitini mmeimaliza kwa ishirini na tatu?"

"Tumejitolea kidogo tu, Pak," alisema mkuu, ameinamisha kichwa.

Mgeni akamgeukia Bu Wasinem. "Mpango umekusaidia, Bu?"

"Sana, Pak." Mgeni hajibiwi vingine.

"Una lalamiko?"

Bu Wasinem akayatazama maji. "Humo mlikuwa na siku zangu thelathini na saba."

Pak Marsudi akakohoa.

"Sasa lalamiko ni lipi?"

"Zimeisha."

Mgeni akaitafuta nafasi ya jibu hilo kwenye fomu. Palikuwa na "Kasi ya kazi." Akaandika: nzuri mno. Chini yake akaandika kwamba mpango umefaulu, wakazi hawauhitaji tena, majembe yahamishiwe kijiji kingine.

"Huko kwingine, Pak," alisema Bu Wasinem akimwongezea chai, "ukienda usitangulize taarifa."

Mgeni akaahidi kulifikisha juu.

Kesho yake Bu Wasinem alipeleka jembe ofisini, akatia sahihi. Rukmi alikwenda shule. Ada ilikuwa imelipwa hadi mwisho wa mwezi.