Onyo Jekundu na Lori la Kibugu

Nakumbuka siku moja, Jumanne ya kwanza ya mwezi wa Machi, muda mfupi kabla ya chai ya saa nne, nikiwa katika ofisi yetu ya vyumba viwili pale Nchiru. Nilikuwa nikifanya jambo dogo ambalo nimelifikiria mara nyingi tangu hapo. Nilikuwa nikilinyamazisha onyo.

Wewe mwanangu, unayeanza kazi hii ya kutengeneza tovuti, huenda umeshaliona onyo lenyewe. Kwa asiyeliona, nieleze. Tovuti tuliyokuwa tukiijenga iliandikwa mara mbili. Kwanza seva, yaani kompyuta kuu ya tovuti, iliuandaa ukurasa na kuutuma ukiwa umekamilika, ili msomaji asingoje. Kisha kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa kwenye simu, kiliuandika ukurasa uleule upya, kwa hesabu yake chenyewe, na kulinganisha. Maandishi hayo mawili yakitofautiana, kompyuta ya fundi huonyesha onyo jekundu: seva imesema hivi, kivinjari kimesema vingine.

Ukurasa wangu ulikuwa wa wakulima wa chai. Lori la kiwanda halikuwa na saa moja ya kudumu; mvua ikinyesha barabara huteleza, na ratiba hubadilika. Kwa hiyo karani wa kiwanda aliingiza saa ya lori kila asubuhi, na mkulima akaisoma kwenye simu, akajua achume hadi lini na apeleke majani kituoni lini. Onyo lilihusu saa hiyo. Sikutaka kujua kwa nini. Niliongeza mstari wa kukiagiza kivinjari kiandike saa upya kikishaamka, yaani kikimaliza kupakua programu ya ukurasa, na mstari wa pili wa kuagiza onyo lisionekane tena. Kwenye kompyuta yangu saa ya kwanza ilipita haraka kuliko kupepesa jicho, ile sahihi ikachukua nafasi yake, nami nikaenda kunywa chai.

Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu. Mwaka mmoja nyuma nilikuwa mwalimu wa hisabati, na nilikuja na tabia ya darasani: jibu likitoka vibaya, aliyekosea ni mwanafunzi.

Baada ya siku tisa hivi, alinipigia simu Mama Muthoni, mwenyekiti wa kamati ya kituo kimoja cha kununulia majani huko Kibugu. Ndiye aliyewashawishi wanawake wa kituo chake waufuate ukurasa wetu badala ya kukaa kituoni mchana kutwa wakilisubiri lori.

“Karimi, hiyo ukurasa yenu inatudanganya,” alisema. “Jana ilisema saa saba. Lori ikakuja saa kumi. Majani ikapata joto kwa gunia mpaka ikageuka rangi, na karani wa mizani akaikataa.”

“Mama, ya jana mimi hapa naiona saa kumi.”

“Hapo si hapa.”

“Labda hamkusoma vizuri.”

“Mimi nilisoma mpaka darasa la nane, mwari wakwa. Saba na kumi nazijua.”

Aliniita binti yake kwa Kiembu, kwa upole, na upole huo ndio ulionichoma. Kisha akanieleza kilichokuwa kikimsubiri. Majani ya watu wake yalikuwa yamekataliwa mara mbili. Mwisho wa mwezi uliofuata kamati ingekutana, na walikuwapo waliosema wazi kwamba aliyewaingiza katika mambo ya simu aondoke kwenye kiti.

Nilimweleza mkubwa wangu, Bi Kagendo, nikasema wale watu hawajazoea simu. Bi Kagendo alikuwa mtu wa maneno machache.

“Umeona simu zao?”

“Sijaziona.”

“Basi umejuaje? Nenda Kibugu.”

Nilifika siku ya pili kabla ya adhuhuri. Mama Muthoni alikuwa ametoka kuchuma, kikapu bado kiko mgongoni. Hakunilaumu. Alinipa kiti na uji, kisha akaweka simu mbili juu ya gunia tupu, moja yake na nyingine ya jirani yake, Njeru.

“Sasa tazama. Usiseme kitu.”

Aliwasha data kwenye simu zote mbili, akaufungua ukurasa. Maandishi yalipotokea tu, kidole gumba chake kilizima data kwenye simu yake. Ya Njeru akaiacha. Tulikaa. Mtandao wa mlimani ulikuwa unajivuta, na tulingoja muda ambao mtu angeweza kusali Baba Yetu mara mbili. Kisha saa kwenye simu ya Njeru ikabadilika mbele ya macho yangu, kutoka saa saba hadi saa kumi. Simu ya Mama Muthoni ilibaki palepale.

“Mimi nikifungua, nikisoma, nazima,” alisema. “Bando ni ya kuchungwa. Wamama wote hapa wanafanya hivyo. Ni Njeru tu anaachilia inakula, kwa sababu ni mvivu.”

“Na mvivu ndiye anafika na lori,” Njeru akasema.

“Nyamaza, wewe. Ulifika na majani nusu kikapu.”

Niliuliza kwa nini tofauti iwe saa tatu kamili kila mara. Nilijiuliza mwenyewe kwa sauti, wala sikutarajia jibu.

“Labda hiyo saa ya kwanza ni ya Uingereza,” Njeru alisema, na wote wawili wakacheka.

Mimi sikucheka. Ndivyo ilivyokuwa hasa. Seva yetu ilihesabu muda kwa saa ya Greenwich, na simu zao kwa saa ya Nairobi. Seva iliandika saa saba. Kivinjari, kikipewa nafasi ya kuamka, kilisahihisha. Ofisini kiliamka papo hapo. Kibugu hakikupewa nafasi hiyo, na kila aliyekuwa mwangalifu na bando lake ndiye aliyepewa saa isiyo sahihi.

Mwanangu, nataka umwone mwanamke huyu kama nilivyomwona mimi mchana ule. Kabla hajanipigia simu, alikuwa amejaribu kwenye simu sita za majirani. Alibadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja: kwanza simu, kisha mahali pa kusimama, kisha ule muda wa kuzima data. Hakuna aliyemfundisha. Mimi niliyefundisha jambo hilo darasani kwa miaka minane, nikalipigia mistari ubaoni, sikulifanya hata mara moja nilipokutana na onyo langu.

“Kompyuta haikukuambia?” aliniuliza.

“Iliniambia.”

“Ukafanya nini?”

“Nikalizima onyo.”

Aliyapanga majani kwenye kikapu kwa muda, akayapa hewa. “Basi kompyuta ilisema ukweli, na mimi nikasema ukweli, na wewe ukatuzima sisi wawili.”

Nimekemewa na watu wengi wenye vyeo. Hakuna aliyeniweka mahali pangu kwa maneno machache namna hiyo.

Nilirekebisha kosa palepale, kompyuta ikiwa juu ya magoti. Niliifanya seva ihesabu kwa saa ya Nairobi, na saa ikishaandikwa, maandishi hayohayo yakabidhiwe kivinjari, kisihesabu upya. Niliifuta mistari yangu miwili. Onyo halikurudi, kwa kuwa halikuwa na la kulalamikia. Mama Muthoni aliwasha data, akafungua, akazima. Saa kumi.

“Niandikie barua,” alisema tukiagana. “Ya karatasi. Nikisema ni wewe ulikosea, kamati wataona najitetea.”

Nilimwomba aniruhusu nisubiri kwanza, hadi saa ya ukurasa na saa ya lori zilingane kwa wiki kadhaa, nisiandike ahadi nyingine tupu. Alikubali.

Haya ndiyo ninayokuachia, mwanangu. Seva na kivinjari vikitofautiana, usikimbilie kulifunika neno la kimojawapo. Tafuta vilianzia wapi kuachana, na uvipe chanzo kimoja. Liko jambo ambalo simu peke yake ndiyo inayoweza kulijua, kama mahali ilipo. Mahali pake acha nafasi tupu hadi simu iseme, kwa sababu nafasi tupu humfanya mtu angoje, ilhali jibu la uongo humtoa nyumbani na mzigo mgongoni. Kijaribu kitu chako kwa mtandao mbovu, kwenye simu ya mtu anayehesabu bando. Na mtu akikuambia ameona, mwamini kwamba ameona. Mungu akupe subira ya kuangalia kile usichotaka kukiangalia, na akukutanishe mapema na watu kama Mama Muthoni.

Nakala ya barua ile ninayo bado. Niliituma wiki tano baadaye, siku nne kabla ya mkutano.

*Kwa Mama Muthoni, na kwa kamati nzima ya kituo.*

*Nawasalimu kwa heshima. Jina langu ni Karimi, nami ndimi niliyeutengeneza ukurasa wa ratiba ya lori. Majani yenu yalipokataliwa mara mbili mwezi wa Machi, saa mliyoisoma ndiyo iliyokuwa imeandikwa. Mlisoma sawasawa. Kosa lilikuwa langu: nilionywa na mashine nikapuuza, kisha nikaonywa na mwenyekiti wenu nikamwambia hakusoma vizuri. Yeye ndiye aliyeligundua kosa na kunionyesha. Tangu hapo tumelinganisha saa ya ukurasa na kufika kwa lori kila siku ya kuchuma, na hazijaachana tena.*

*Naomba radhi kwake mbele yenu, kwa kuwa niliyemkosea heshima alikuwa amewasemea ninyi. Kabla ya kubadilisha lolote katika ukurasa huu, nitamwomba yeye aujaribu kwanza, akikubali. Mungu aibariki mikono yenu na mashamba yenu.*

*Karimi.*