Dada Povu, Dobi wa Wasio na Nguo za Kubadili

Alizaliwa Jumapili ya Pasaka mwaka 1934, katika chumba cha uani nyuma ya duka la vitambaa, mtoto wa tatu wa seremala na mke wake aliyekuwa dobi. Mama yake alimlaza ndani ya kapu la nguo safi zilizokuwa bado na joto la pasi, na waliomfahamu walisema ndiyo maana hakujua kununa. Alikulia kwenye ndoo, mikono imejaa sabuni hadi viwikoni, na watoto wenzake wakamwita Povu, jina alilokwenda nalo hadi kaburini.

Wito ulimjia kanisani alipokuwa na miaka ishirini. Mwanamke asiye na makao aliingia katikati ya Misa akaketi kando yake, na harufu ya nguo zake ikawafanya watu wasogee mmoja mmoja, mpaka benchi zima likabaki la wawili hao. Povu hakusogea. Misa ilipokwisha alimpeleka nyumbani, akampa maji ya kuoga, akamvika gauni lake mwenyewe la Jumapili, kisha akazifua zile nguo. Mama yake akashika kiuno. "Mwanangu, gauni la maana ndilo hilo hilo! Jumapili ijayo utavaa nini?" Akajibu, "Mama, Mungu anajua saizi yangu." Wiki haikuisha, mke wa mwenye duka akamletea gauni lililokuwa limeanza kumbana. Kwa Povu lilipwaya. "Unaona?" akacheka. "Ameniachia na nafasi ya kunenepa."

Tangu hapo akaweka mashuka safi uani. Mwenye nguo moja tu alijifunga shuka, akaketi kwa heshima yake, akasubiri nguo ifuliwe, ikauke, ipigwe pasi. Wateja wenye uwezo walimhama kwa kinyaa, na wengine wakamwita mtawa wa beseni. Sabuni ilipokwisha, aliloweka nguo kwanza, ndipo akamwomba Mungu sabuni. Naye hakuaibishwa.

Jaribu lililomtoa jasho lilikuja Ijumaa moja, akiwa na miaka ishirini na minane. Mzee aliyekuwa akilala sokoni alifika akiwa na furaha na hofu pamoja. Pombe ilikuwa imemtenga na binti yake tangu binti huyo akiwa mdogo, na sasa binti alikuwa amemsamehe na kumwomba amwingize kanisani siku ya harusi, kesho yake asubuhi. Dada Povu, kwa furaha, akaloweka hapo hapo suti kuukuu ya mzee, nguo yake pekee, na kumwahidi kwa jina la Mungu kwamba jioni itakuwa kavu. Mchana mvua ikashuka. Haikukoma. Maji yakaingia stoo, makaa yakalowa, pasi ikawa chuma baridi. Asubuhi ya harusi suti ilikuwa bado inachuruzika, na mzee yuko ndani ya shuka.

"Niache tu, Dada," alisema. "Nimemkosa mwanangu miaka yote, acha nimkose na leo."

"Baba, nyamaza. Suti yako ina harusi, na wewe ndiye utakayeisindikiza."

Akapiga magoti kwenye sakafu yenye maji. "Bwana, niliahidi kwa jina lako. Sina jua, sina moto." Hakuwa amesema amina, mwoka mikate wa jirani akabisha hodi, amekuja kulalamika. "Mvua imenimaliza! Tanuri linawaka bure, mteja hata mmoja hakuna." Dada Povu akaruka na suti mkononi.

"Suruali kwenye tanuri langu? Watu watasemaje?"

"Waambie ni mkate wa harusi!"

Wakaitandaza kwenye koleo refu la mbao la kuingizia mikate, mbele ya mdomo wa tanuri, na mwoka mikate akaigeuza taratibu, huku na huku, akifoka kila mtu akae mbali. Kengele ilipolia mzee alikuwa mlangoni pa kanisa, mkavu na nadhifu. Binti akamkumbatia, akanusa bega lake, akauliza huku analia, "Baba, umekula mkate?" Naye akasema, "Sijala, mwanangu. Nimeuvaa."

Dada Povu alifariki kwa amani mwezi Agosti 1998. Kanisa halijamtangaza mtakatifu, lakini wengi wanasimulia mema waliyoyapata walipoomba pamoja naye. Binti yule husema kwamba kwake muujiza si tanuri. Muujiza ni kwamba baba yake hakurudi tena kulala sokoni wala kugusa pombe, bali aliishi nyumbani kwa binti huyo, akawalea wajukuu, akafa wakimwimbia. Nasi tusingoje tuwe na vingi ndipo tuhurumie. Tuahidi mema, tuanze na kilichopo mkononi, na tunapoishiwa tumwombe Mungu, kisha tumfungulie jirani mlango, hata akija kulalamika.