Makaburi Mawili Kwenye Mkataba

Nilipouza kibanja chetu, shamba la migomba la familia kule Izigo, hakuna aliyeweza kunikosoa kwa makaratasi. Mimi ni mwalimu mstaafu, na watu wengi huniita niwasomee mkataba kabla hawajamwaga wino. Wangu niliuandaa kwa mbwembwe zote. Ndugu wa ukoo niliwaambia kwanza. Hakuna aliyekuwa na uwezo wa kununua, wakasaini kwamba hawana pingamizi. Majirani wa pande zote nne walitembea nasi mpakani wakibishana kwa Kihaya. Hata migomba na mibuni tuliihesabu.

Mnunuzi alikuwa mfanyabiashara wa samaki aliyechoka kuishi visiwani. Alikuwa muungwana, na alishaona kiwanja kingine Kishanda. Kwetu alipapendea sehemu moja tambarare, katikati ya migomba.

"Hapa ndipo nitakapoweka nyumba," alisema, akipima sebule kwa hatua.

Hapo ndipo tulipomzika mtoto wetu wa kwanza. Aliishi siku tisa. Baba na mama yangu wamelala pembeni, karibu na njia, na makaburi yao yana saruji na misalaba. Lake lilikuwa mawe tu, tena yalishafunikwa na majani tunayotandaza shambani. Mtendaji wa kijiji, kalamu mkononi, akauliza, "Makaburi mangapi humu, mwalimu?"

"Mawili," nikasema.

Sina utetezi. Nilikuwa na nyumba isiyo na paa kule Kitendaguro, na niliogopa mnunuzi angeenda zake Kishanda. Ikaandikwa kwamba makaburi mawili yatabaki ya familia na njia ya kuyafikia isifungwe.

Fomu ya ridhaa ya mke nilimpelekea nyumbani. Alikuwa anamenya ndizi. Akafuta mikono kwenye khanga na kuuliza jambo moja tu.

"Mtoto umemwandika?"

"Wote wameandikwa."

Akasaini bila kusoma. Miaka yote ya ndoa yetu mambo ya karatasi aliniachia mimi, nami nilijivunia hilo, mjinga mkubwa.

Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, tulikwenda kusafisha makaburi. Kuta za nyumba zilikuwa zimefika usawa wa madirisha na sakafu ilishamwagwa zege. Mke wangu hakupiga kelele. Ningeshukuru kama angepiga. Alimwomba mnunuzi amwonyeshe mkataba, akausoma amesimama, kidole kikifuata kila mstari. Kilipofika kwenye makaburi kikaacha kwenda.

"Kuna nini, mama?" mnunuzi akauliza.

Mke wangu alinitazama ili nijibu mimi. Nikageukia makaburi ya wazazi wangu.

"Tulizika mtoto humu," akajibu yeye mwenyewe. "Waitu, tafadhali ndugu yetu, naomba niingie sebuleni kwako."

Mnunuzi alinitazama mara moja tu, kisha akampisha. Mke wangu akavua viatu, akapiga magoti kwenye saruji mahali alipokisia. Akasogea kidogo kushoto, akasogea tena. Migomba yote ya pale ilishang'olewa, hapakuwa na alama ya kushika.

"Ni hapa?" akaniuliza, kiganja kikiwa sakafuni.

Nikamwambia ndiyo, ni hapo hapo. Sikujua.