Dhambi Iliyoungamwa Miaka Kumi na Tisa

Mama yangu mdogo alikuwa dobi, na mtaa mzima ulimwita Mstari, kwa sababu suruali iliyopita mikononi mwake ilirudi na mstari wa kukata kidole. Tangu nilipohamia kwangu aliishi peke yake katika chumba kimoja chenye kitanda, meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, pasi mbili za mkaa, na kamba iliyokatiza toka ukuta hadi ukuta ikiwa imejaa mashati ya watu. Nilizoea kumtania kwamba anaishi na wanaume ishirini na hakuna hata mmoja mwenye kichwa. Alicheka kidogo kwa adabu, kisha akairudia pasi yake.

Vitambaa vya altare alivifua bure kila Ijumaa, katika beseni lake la pekee. Maji ya kwanza ya kusuuzia hakuyamwaga mtaroni. Aliyamimina taratibu kwenye udongo nyuma ya nyumba, kama alivyofundishwa na masista. Lakini Jumapili, watu wakiinuka kwenda kupokea Komunyo, yeye alibaki benchini, amegeuza magoti pembeni ili wengine wapite. Wenye midomo walisema lazima kuna mume wa mtu mahali. Mume gani? Hata paka hakuwa naye.

Sababu niliijua mimi, kwa kuwa ndimi niliyetumwa. Mama yangu na yeye, ndugu wa tumbo moja, walikuwa wamenuniana miaka miwili kwa ajili ya kabati la marehemu bibi. Mama akaugua. Siku alipozidiwa aliniambia, "Kamwite mdogo wangu." Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nikatoka mbio. Nilimkuta mama mdogo anapiga pasi. "Mwambie namalizia nguo hizi," akasema bila kuinua macho. Zilikuwa shuka sita. Nilisimama mlangoni nikimwangalia akizinyoosha zote, akizikunja, akizipanga. Tulipofika, mama alikuwa ameshakata roho.

Hakuchelewa kwa kutojua. Alitaka dada yake angoje kidogo, aonje uchungu wa kungoja. Haya aliniambia mwenyewe nilipokuwa mtu mzima, wala hakuyapaka sukari. Ni yeye aliyenilea baada ya hapo, akanisomesha mpaka nikawa mwalimu. Nilikula chakula chake na kumwita mama mdogo kwa heshima zote. Neno moja tu sikuwahi kumwambia, naye hakuwahi kuliomba.

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi alikwenda kuungama, na kila mara aliungama shuka zile zile. Maparoko walihamishwa, wengine wakazeeka, na wote walimwondolea dhambi hiyo. Alisali malipizi yake, akarudi nyumbani, na mwezi uliofuata akaipeleka tena. Ndio ugonjwa wetu sisi watu wa kanisani: tunamwomba Mungu atusamehe, akitusamehe tunamkatalia.

Mara moja nilijaribu kumfariji. "Mama mdogo, hata ungekuja upesi, mama angekufa tu."

"Angekufa akiwa ameniona," akajibu, akaendelea kunyunyiza maji kwenye kola ya shati. Sikurudia tena faraja yangu.

Kisha akaja paroko mpya, mzee asiyesikia vizuri na asiye na subira. Mama mdogo alinisimulia mwenyewe yaliyopita kwenye kiungamio. Padre alimuuliza kama dhambi hiyo aliwahi kuiungama. Akasema ndiyo. Mara ngapi? Kila mwezi. Tangu lini? Alipotaja miaka kumi na tisa, padre, akidhani hakusikia vizuri, alimwomba ataje tena.

"Ulifanya vibaya," padre akasema, "wala sikupunguzii. Lakini uliposamehewa mara ya kwanza, iliisha. Hizi nyingine zote umekuwa ukimwambia Mungu kwamba ni mwongo. Malipizi yako ni haya: keti mbele ya tabernakulo robo saa. Usisali, usifanye kazi yoyote. Mwache akupende."

"Nimeshindwa," mama mdogo aliniambia majuma matatu baadaye, amekasirika kama mtu aliyetukanwa. Juma la kwanza, dakika ya tatu, aliona kitambaa cha altare kimekaa upande, akainuka kukinyoosha. Juma la pili alijaribu tena, akajikuta anapangusa mabenchi. La tatu alianza rozari kwa siri, akajikamata mwenyewe kwenye fumbo la pili. Nilicheka mpaka nikaona kwamba yeye hacheki.

"Kazi naiweza, mwanangu," akasema. "Ila kupendwa hivi hivi, nimekaa tu, naona kama naiba."

Juma la nne nilimfuata bila kumwambia, nikaketi benchi la mwisho. Ilikuwa alasiri, kanisa tupu, na yeye mbele ya kile kisanduku cha Ekaristi, mdogo kuliko nilivyomzoea. Mikono ilimsumbua. Aliiweka mapajani, akaikunja kifuani, akairudisha. Baadaye ikatulia, viganja juu. Kisha mabega yakaanza kutikisika, na sauti ikamtoka, si ya kusali, ni ya mtu aliyebeba mzigo mbali akaambiwa tua.

Mtu mwema angemwendea. Mimi nilitoka nje. Nitasema ukweli: niliona wivu. Alikuwa anapewa kitu nilichomnyima miaka yote, na aliyempa hakuniuliza mimi.

Jumapili tulikaa pamoja. Ule wakati wa kusema, "Bwana, sistahili uingie kwangu," siku zote mama mdogo aliishia hapo hapo, akafunga mdomo. Safari hii nilimsikia akiendelea: "lakini sema neno tu, na roho yangu itapona." Akainuka.

"Sogea nipite, mwanangu."

Nikasogeza magoti. Nilimwona kwenye mstari wa watu, mikono imefumbatana, akisonga hatua kwa hatua mpaka akafika. Benchi letu lote lilikuwa limekwenda. Nilibaki mimi peke yangu, na kwa mara ya kwanza nikajua benchi tupu lilivyo.

Alirudi, akapiga magoti kwa muda mrefu, kisha akaketi. Uso wake ulikuwa umelowa na hakuufuta.

"Mama mdogo," nikanong'ona, "mimi nilikuwa bado sijakusamehe."

"Najua. Tangu siku ya maziko." Alisema bila ukali. "Nilikuwa nakungoja wewe kwanza, ndipo nimwamini Mungu. Padre akaniambia Mungu hakai foleni nyuma ya mtu."

Nililia mbele za watu, mwalimu mzima, wanafunzi wangu wakinitazama toka kwenye kwaya. Aliuchukua mkono wangu akaushika, na nikashtuka kuona kwamba sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilimpa mkono huo.

"Nimekusamehe," nikasema.

"Asante, mwanangu. Sasa nyamaza, wanasoma matangazo."